Benchi la Kuipa Injini Mgongo

Mwaka 2014 binti yangu Carolyne, nesi huko Doha, alinitumia tiketi nikamwone mjukuu wangu. Chelsea alikuwa na miaka mitano na sikuwa nimewahi kumshika. Nilipewa mwezi mmoja tu wa kukaa. Wiki tatu zikaisha kabla mtoto huyo hajakaa mapajani mwangu hata mara moja.

Alikaa mapajani mwa Proscovia. Proscovia ni yaya Mganda aliyemlea tangu ananyonya. Alimwogesha, akamlisha, akamsuka. Hata jina la kuniita alimfunza yeye: mtoto aliniita Jajja, yaani bibi kwa Kiganda, na kwetu Wakikuyu mimi ni Cucu. Nilikaa kwenye kochi pale kwao, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nanywa chai, natabasamu, huku kila wakikumbatiana nahisi kama nimeibiwa.

Ijumaa ya mwisho Carolyne alikuwa kazini, tukaenda bustanini watatu. Kwa msimu ule wa baridi walikuwa wameleta gari la moshi dogo la kizamani, linalochoma makaa ya kweli. Nikajiambia, hapa ndipo nitampata. Marehemu mume wangu Ndirangu alichochea makaa kwenye injini za Nakuru miaka kumi na mmoja. Gari la moshi ni langu, si la Proscovia.

Kondakta alikuwa Joram, kijana wa kwetu. Alitangaza masharti kwa Kiarabu na Kiingereza, kisha akatugeukia kwa Kiswahili. Wanaoshuka washuke kwanza. Benchi moja, watu wawili. Kichwa na mikono ndani. Hakuna kusimama mpaka gari litulie. Tiketi ni ya mizunguko miwili.

Mabenchi yalitazamana. Nikachagua lile la kuipa injini mgongo, kama Ndirangu alivyonifunza, nikapigapiga nafasi iliyobaki.

"Njoo kwa Cucu."

Chelsea akaitazama ile nafasi, akaenda kukaa na Proscovia upande wa pili. Proscovia akambembeleza aje kwangu. Akakataa. Kule kubembelezewa mjukuu wangu mwenyewe kuliniuma kuliko kukataliwa.

Gari likaondoka. Nilimtafutia Proscovia kosa nikalikosa. Hakutoa hata kidole nje. Kisha nikasikia koleo likikwangua makaa, na behewa likaanza kupinda. Nilijua kinachofuata. Upepo ungegeuza moshi, uje na chembe za makaa machoni mwa wanaotazama mbele. Enzi zetu abiria anayejua huwaambia wenzake wafunge macho, hata kama hawajui majina. Hiyo ndiyo adabu ya gari la moshi.

Nilinyamaza, nikafunga macho. Nilitaka mtoto alie, anikimbilie mimi.

Moshi ukaja. Nilipofungua, Proscovia alikuwa amemfunika Chelsea uso kwa mikono yake yote miwili, na uso wake mwenyewe umebaki wazi.

Gari liliposimama mwisho wa mzunguko wa kwanza, Proscovia hakuweza kufungua jicho la kushoto. Nikalowesha ncha ya leso yangu, nikainua kope, nikatoa chembe nyeusi ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Mtoto alikuwa analia, amemshika Proscovia gauni.

"Ulijua, Jajja," Proscovia akasema polepole. "Niliona umefunga macho."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilikuonea wivu."

Akajifuta machozi. "Mtoto wangu ako kwetu Mbale. Anamwita dada yangu mama. Pengine hata mimi ningenyamaza."

Niliwapa benchi langu, nikahamia lao. Tukingoja kuondoka nikamweleza Chelsea habari ya babu yake, na ile sauti ya koleo, na maana yake. Alisikiliza akiwa amemwegemea Proscovia, na bado iliniuma.

Mzunguko wa pili tukaikaribia ile kona. Koleo likakwangua. Chelsea akaketi wima, mikono ndani, akanitazama.

"Jajja, funga macho."

Nikafunga.