Dirisha la Mafuta ya Samaki

Jumanne, tarehe kumi Januari, saa nne asubuhi, Jorunn Sandmo alivunja yai la kumi na tatu kwenye ukingo wa bakuli, akatenga kiini na ute, akakiviringisha kiini juu ya kitambaa mpaka kikakauka, kisha akakitoboa kwa sindano. Nje kulikuwa giza. Jua lilikuwa halijachomoza katika mji wa Ytterhamn, kaskazini ya mbali, tangu mwisho wa Novemba, na taa za chuo cha sanaa ziliwaka mchana kutwa kama kawaida ya majira hayo.

Alikuwa mwaka wa tatu, na mtihani wake ulikuwa ukuta mmoja. Achague mahali wanapoishi watu, apake picha kwa mbinu aliyoitafuta mwenyewe. Alishajaribu mafuta ya kitani, maziwa yaliyoganda, uji wa unga wa shayiri na gundi ya ngozi ya sungura. Rangi zote zilikubali kukaa ukutani, lakini hakuna hata moja iliyokubali kung'aa. Mwalimu wake, Vemund, alipita na kikombe cha kahawa, akasimama mbele ya ubao wa majaribio.

"Hii njano yako ina mafua," alisema.

"Nimeipaka mikono saba, Mwalimu."

"Rangi ikishaumwa haiponi kwa kufunikwa blanketi saba."

Ukuta wenyewe alikuwa ameshauchagua. Ulikuwa wa chumba cha bibi yake, Borghild, mwenye miaka themanini na minne, katika nyumba ya wazee ya halmashauri. Zamani Borghild alikaa ghorofa ya pili, dirisha likitazama bahari na mlima. Kisha watalii walianza kumiminika kutazama ile mianga ya kijani ya angani, halmashauri ikaifanya ghorofa ya pili kuwa vyumba vya wageni, na wazee kumi na wawili wakahamishiwa chini ya ardhi, kwenye zilizokuwa stoo, kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ytterhamn mgeni alikuja na mwenyeji akateremshwa ngazi.

Sheria ilisema chumba cha mzee lazima kiwe na dirisha. Jorunn aliandika barua nne kuikumbusha halmashauri sheria yake yenyewe. Trygve Moen, afisa majengo, alizijibu zote kwa adabu kwamba jambo linashughulikiwa.

Tangu Novemba Borghild alikuwa hanyanyuki kitandani ila kwa kunyanyuliwa. Daktari alitafuta ugonjwa akaukosa. "Jua likirudi, maandazi yake mwaka huu mtakula bila mimi," alimwambia mjukuu wake, kwa sauti ya mtu anayesema basi limeshapita. Siku hiyo Jorunn alikaa ngazini akalia. Alitaka kitu kimoja tu, bibi yake apigwe na jua kabla hajakata tamaa kabisa.

Jumatano alifika na vibakuli vyake. Kwenye meza ya kitandani ilikuwepo chupa ya mafuta ya ini la samaki chewa, kama ilivyo kwenye kila meza ya mji ule. Kuanzia Septemba mpaka Aprili kila mtu hunywa kijiko kimoja asubuhi, badala ya jua, na watoto huanzishiwa kabla hawajajua kukataa.

"Unahangaika na mayai ya nini?" Borghild aliuliza bila kugeuza kichwa. "Babu yako alipaka banda la mashua kwa mafuta hayo hapo na udongo mwekundu. Banda limesimama mpaka leo, yeye ndiye aliyelala."

"Mwalimu anasema mafuta ya samaki hayakauki, Bibi."

"Mwalimu wako katoka Oslo. Huko wanakausha mpaka salamu."

Peder, mzee wa chumba cha jirani aliyestaafu kiwanda cha samaki, alikuwa amekuja kuazima gazeti. "Paka tu, mwanangu," alisema. "Kama ni harufu usituonee huruma. Ndiyo iliyotusomeshea watoto."

Jorunn alimimina mafuta kwenye unga wa njano, akakoroga. Njano ikazinduka. Akapaka ukutani dirisha lilelile la ghorofa ya pili, kwa kulikumbuka: bahari, mlima, paa la kanisa. Mkono wa kwanza aliupaka siku hiyo, wa pili Alhamisi, wa tatu Ijumaa. Vemund alikuwa amesema kweli, kwani rangi haikukauka. Mpaka Jumapili ilikuwa bado mbichi, na maji ya bahari yalikuwa yanachezacheza kidogo.

Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi jua lilichomoza ukutani. Lilitokea nyuma ya mlima, likapita juu ya paa la kanisa, likashuka sakafuni, likapanda kitandani mpaka usoni kwa Borghild. Alifumba macho, akakaa nalo kidogo. Kisha akaketi mwenyewe, bila kunyanyuliwa na mtu.

"Nipe kitana," alimwambia Jorunn. "Siwezi kuonekana hivi."

Kalenda ilisema jua lingerudi Ytterhamn tarehe ishirini na tatu, siku saba mbele. Lakini watu wa kule wana desturi moja wasiyoichezea. Anayeliona jua la kwanza hupiga simu kwa mwokaji, mwokaji hukaanga maandazi ya jamu, shule hugonga kengele, na mji mzima huenda lilipo jua. Andazi la kwanza hupewa aliyepigwa na jua kabla ya wengine. Oddny, muuguzi wa zamu, aliona mwanga chini ya mlango wa chumba namba mbili, akafanya kama ambavyo mama yake angefanya.

"Jua limefika," alisema kwenye simu.

"Limefikia wapi?"

"Chini huku, kwa Borghild."

"Limewahi mwaka huu," alisema mwokaji, akabandika karai la mafuta.

Hakuna aliyekwenda kuutazama mlima. Kufika adhuhuri watu mia tatu walikuwa wamepanga foleni koridoni, wakikung'uta theluji kwenye viatu, wakiingia kumi kumi, wakiuelekezea ukuta nyuso zao macho yakiwa yamefumbwa, kama inavyofanywa siku hiyo. Bendi ya shule ilikuja na matarumbeta yaliyoganda kwa baridi, ikapiga hivyohivyo. Peder alikaa muda mrefu kuliko wenzake, pua ikababuka. Borghild alivaa gauni lake la sikukuu, akapokea andazi la kwanza, jamu ikamdondokea kidevuni naye akaiacha.

"Mara ya mwisho kulipata nilikuwa na miaka tisa," aliwaambia watu. "Na mwaka ule nilimsukuma dada yangu."

Hayawi hayawi, yakawa. Jorunn alisimama mlangoni na furaha yake, hana pa kuiweka, akala maandazi manne bila kujua. Vemund naye alikuja, akasimama mbele ya ukuta mpaka kahawa ikapoa mkononi.

"Haijakauka," alisema.

"Haijakauka, Mwalimu."

"Basi isikauke."

Akampa alama za juu kabisa, na pembeni akaandika kwamba kazi inanuka. Jioni halmashauri ilikutana kwa dharura, ikapitisha kwamba tarehe ishirini na tatu isherehekewe vilevile, kwa kuwa hakuna kanuni inayolikataza jua kurudi mara mbili.

Kesho yake alikuja Trygve, afisa majengo. Alivua viatu mlangoni, akatoa utepe, akapima: sentimita tisini kwa mia na ishirini. Alinyoosha mkono akaona kivuli chake sakafuni. Akaandika kwenye fomu: Dirisha, lipo. Mwanga, unatosha.

"Kwa hiyo Bibi anarudishwa juu?" Jorunn aliuliza.

"Arudi juu kufuata nini, dada? Chumba kina dirisha. Sheria imetimia."

"Hii ni picha, Trygve."

"Fomu haiulizi limetengenezwa kwa kitu gani." Alifunga kalamu. Alikuwa na furaha ya kweli, tena alitaka kumshika mkono. "Barua zako zote nne nimezifunga. Sasa tusaidie na vyumba kumi na kimoja vilivyobaki."

Jorunn alikasirika. Alitaka kusema ng'o. Lakini Peder alikuwa amesimama koridoni na pua yake nyekundu, nyuma yake mlango wa chumba chake uko wazi, na chumba ni giza tupu. Hakuomba kitu. Hilo ndilo lililomshinda Jorunn.

Kazi ilichukua wiki tatu. Watu walileta chupa zao za mafuta kutoka majumbani, na kila mzee alichagua cha kutazama. Peder alitaka kiwanda cha samaki kama kilivyokuwa kabla hakijafungwa, na moshi wake. Alipewa.

Siku ya mwisho Borghild alimwita mjukuu wake akiwa amesimama wima, mikono kiunoni.

"Mbona dirisha langu halina kishikio?"

Jorunn akachora kishikio cha shaba, na kivuli chake. Borghild akakizungusha, akafungua. Hewa ya chumvi ikaingia. Naye akafanya wanachofanya wanawake wote wa mji ule wakipata dirisha lenye jua: alivuta blanketi lake zito kitandani akalitoa nje lipigwe hewa. Wenzake walipoona, wakaja kudai vishikio.

Kwa mtu aliyepita barabarani, mablanketi kumi na mawili yalikuwa yananing'inia kwenye mawe ya msingi wa nyumba, juu kidogo ya theluji, chini ya vyumba vya wageni. Watalii walipiga picha. Baada ya siku mbili ikaja barua ya Trygve, kwamba matandiko yasianikwe upande wa barabara kwani yanawaharibia wageni mandhari. Juu ya kuhama haikusema neno.

Borghild aliisoma, akaikunja mara nne, akaipachika kwenye dirisha lisijibamize.

"Bibi," Jorunn alisema, "bado unataka kurudi juu?"

"Nataka sana. Kile chumba ni changu, na wanajua. Kesho andika barua ya tano." Alikuwa ameinama nje ya dirisha, jua liko mgongoni. "Leo shika upande huo wa blanketi, tuligeuze."