Nyumba ya Bei Poa Kule Orlické

Bohdan aliposema amepata nyumba milimani wiki nzima ya Februari, familia yote, kwa korona elfu tatu za Kicheki, nilisimamisha kijiko hewani. Kwenye yale mahoteli makubwa ya Krkonoše hela hiyo haitoshi hata siku moja ya kuteleza kwenye theluji.

"Nyumba ya nani?" nikamuuliza.

"Ya chama cha kijiji kimoja kule Orlické. Kilima kimoja, kamba moja ya kuvuta watu juu, basi."

"Na hao wanachama wanakupendea nini?"

"Kula, Alena, supu inapoa."

Mimi sikuzaliwa jana. Rahisi huvunja upishi, mama yangu alinifunza hivyo. Halafu tangu Juni, Jumamosi moja kila mwezi mume wangu haonekani, ati kazi ya ziada gereji. Akirudi, mikono imechanika na koti linanuka moshi wa kuni. Tangu lini magari yakatengenezwa kwa kuni? Simu ikilia anatoka nayo kibarazani na kufunga mlango. Siku moja niliwahi kuliona jina: Zdena. Nikainakili namba. Dada yangu aliachwa hivi hivi, na mimi nilikuwa naiona ndoa yangu ya miaka kumi na minne ikitoka mlangoni taratibu.

Binti yetu Běla, wa miaka tisa, hakujua lolote. Alikuwa ameshachagua skii, vile vibao vya kutelezea, za mitumba kwenye mnada wa shule na kulala nazo kitandani. Bohdan akapanga kila kitu mezani: tutakwenda na gari letu, tutajipikia, nami nikaange nyama za kupakwa makombo ya mkate, za kula njiani, kama kawaida, maana nani hununua chakula mlimani. Nikaitikia. Roho ilikuwa inaniwaka, na nilimchukia kwa ile furaha yake.

Jumamosi yake ilipofika akaondoka alfajiri na mkate niliomfungia. Saa tatu nikapiga ile namba.

"Mama, mimi ni mke wa Bohdan. Nakuomba umwachie mume wangu."

Nyuma yake msumeno ulikuwa unanguruma.

"Siwezi," Zdena akasema. "Bado ana saa nane."

"Saa nane za nini?"

"Za kazi, mwanangu. Hapa chamani hatukodishi nyumba kwa pesa peke yake. Anayetaka wiki ya Februari anatufanyia saa arobaini: kufyeka nyasi kilimani, kupaka rangi nguzo za kamba, kupasua kuni. Sisi hatuna wafanyakazi, tuna wageni." Akakohoa. "Alituomba tusipige simu nyumbani. Anasema mwaka jana aliahidi safari ya theluji akashindwa, ukamcheka mbele ya mama yako. Safari hii hakutaka uijue kazi hii mpaka aimalize na nyumba iwe ya hakika."

Nilikaa chini. Kweli nilimcheka, na mama naye akadakia.

"Sasa wewe ulidhani nini?" akauliza Zdena. Nikaanza kumwomba radhi, akaelewa mwenyewe. "Nina miaka sabini na moja na goti bovu. Lakini asante."

Bohdan alirudi jioni. Nilijua ameshaambiwa, kwa jinsi alivyovua viatu polepole. Nilijiandaa kwa kelele, hata nilizitamani. Alivuta kiti akakaa bila kuvua koti.

"Tangu Juni uliamini hivyo?"

"Ndiyo."

"Na kila nilipoondoka unanifungia mkate, unaniambia kazi njema."

"Ndiyo."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho asubuhi.

"Ungeniuliza tu, Alena."

"Niliogopa utanijibu," nikasema, na hapo ndipo nikaanza kulia.