Kamati ya Kucha

Kila Alhamisi jioni mjane alikwenda chamani, na kila Alhamisi alikwenda kwa kuburutwa. Wifi yake, katibu wa chama, alimpitia na gari akapiga honi mlangoni mpaka majirani wakachungulia. Marehemu mumewe alikuwa mwasisi wa chama hicho cha kuhudumia jamii, na tangu azikwe wenzake walikuwa wamemrithi mkewe kama kiti: humweka mbele, humfuta vumbi kwa pongezi, kisha humsahau.

"Usinune, wifi," katibu alimwambia wakiwa njiani. "Leo tuna mambo mazito."

Mambo mazito yenyewe yalikuwa rangi ya fulana. Mwenyekiti alikuwa wakala wa bima aliyebandikwa jina la Heshima na Taadhima, kwa kuwa hakuwahi kufungua kinywa bila kuanza na maneno hayo. Aligonga kengele, wakasimama, wakaapa kuwatumikia wanyonge, wakaketi, wakaletewa chai. Kisha kikao kizima kikateketea kwa ubishi: bluu iliyoiva au bluu iliyopauka? Mwenye duka la dawa alidai bluu iliyopauka inamnenepesha. Mjane alimwangalia kitambi, akaona rangi inasingiziwa bure. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema kwamba madebe yakikusanywa pamoja huitwa chama.

Jumamosi wakaenda nyumba ya wazee kugawa mablanketi. Bango lao lilikuwa refu kuliko ukuta, ikabidi herufi za mwisho zikunjwe kwenye kona. Kwenye kitanda cha kwanza alikuwapo bibi mmoja, zamani mpiga chapa ofisini, mgongo wima kama bado anasubiri kusomewa barua aichape.

"Wekeni mle, juu ya wenzake," alisema, akaelekeza kidole kabatini.

Wifi akafungua kabati. Mablanketi yakamwangukia miguuni, mengine bado yamo kwenye nailoni.

"Kila mwaka mnatufunika kama unga unaongoja kuumuka," bibi akasema.

Heshima na Taadhima akamwinamia, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "BIBI! UNGEPENDA NINI BASI?"

"Masikio yangu mazima. Nataka kukatwa kucha."

Akachomoa miguu chini ya shuka. Kucha zilikuwa zimetoboa soksi, nyingine imepinda na kuingia nyamani. Wanachama wakatazama dari.

"Kwa heshima na taadhima," mwenyekiti alisema, "hoja hiyo nzuri tutaifikisha kwenye kikao cha Alhamisi."

Mjane akauweka mkoba wake chini. Haikuwa huruma, huruma ilimjia baadaye. Ilikuwa ni dharau, ya moto, iliyomtia nguvu magotini. Akamwomba mhudumu beseni la maji ya uvuguvugu na kikata kucha, akapiga magoti sakafuni na gauni lake la heshima. Kucha zilikuwa ngumu kama pembe.

"Unaniumiza," bibi alilalamika.

"Vumilia, mama."

"Na hii umeikata upande."

"Nimeiona. Tulia."

"Wifi! Inua uso kidogo!" katibu aliita, simu mkononi. "Tabasamu!"

Mjane hakuinua uso. Picha ikapigwa hivyo hivyo.

Alhamisi iliyofuata picha hiyo ilitandazwa ukutani, na Heshima na Taadhima akatangaza kuzaliwa kwa Mradi wa Kucha. Makofi. Ikaundwa kamati ndogo ya mikono, na kamati ndogo ya miguu. Mwenye duka la dawa akataka aalikwe mtaalamu. Mwingine akauliza kama kikata kucha kitaandikwa jina la chama upande mmoja au pande zote mbili. Hapo ndipo mjane aliposimama.

"Bibi yule ameshakatwa kucha," alisema. "Nilimaliza haraka kuliko nyinyi mnavyomaliza chai."

"Mama, kwa heshima na taadhima, uko nje ya utaratibu."

"Basi ngoja nitoke nje kabisa."

Akachukua mkoba wake akatoka. Barabarani alijikuta akicheka peke yake, na mpita njia akampisha kwa uangalifu.

Tangu siku hiyo Alhamisi zake zikahamia nyumba ya wazee. Hakuna aliyemshukuru sana. Mpiga chapa aliendelea kumkosoa, na wengine wakaanza kudai wanyolewe ndevu pia. Baada ya wiki kadhaa wifi akamfuata huko huko, kavaa fulana ya bluu iliyopauka.

"Umechaguliwa Mwanachama Bora," alisema akihema. "Sherehe ni usiku huu. Usituaibishe, wifi. Kaka yangu angeumia sana."

"Kaka yako alikuwa akisinzia huko kila Alhamisi. Mimi ndiye niliyemwamsha kwa kahawa akirudi ili ale."

Mjane alikuwa na mguu wa dereva mstaafu mapajani, mguu unaotetemeka usiotaka kutulia.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Shika hapa kwenye kifundo."

"Mimi?"

"Kuna kamati nyingine humu?"

Wifi akaushika kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Dereva akamkagua ile fulana.

"Huyu si wa wale wa mablanketi?"

"Ndiye," mjane akajibu. "Usimpige teke."

Wifi akakunja pua, akageuzia uso dirishani. Mguu, hata hivyo, hakuuachia.