Pini Mdomoni

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mama nguo ndiyo kazi yake, ni fundi cherehani, lakini hakukiona. Binti yake alikuwa amenyong'onyea muda mrefu: hali chakula, hacheki, kutwa amelala kajifunika gubigubi. Mama akahangaika mpaka akakonda. Siku waliyokwenda wote watatu, yeye, binti na mumewe, kwa mshauri wa familia, aliingia kifua mbele. Kama kuna anayemjua mtoto huyu, ni yeye aliyemzaa.

Mshauri akamwuliza binti taratibu, "Umewahi kumwambia mtu kwamba umechoka kuishi?"

"Nilimwambia baba. Zamani."

Lo! Mama akamgeukia mumewe. Bwana kainamia viatu vyake.

"Ulijua? Kila siku nakulilia mtoto ana nini, nawe unaniambia atakaa sawa?"

"Aliniapisha, mama watoto. Niliogopa nikisema, hata mimi hataniambia tena."

Iliuma, jamani! Baba na mtoto wana siri yao, yeye kafanywa mpishi tu wa nyumba. Akanyakua mkoba wake, akasimama.

"Kaa kidogo," mshauri akasema. "Mwulize binti yako kwa nini hakukwambia wewe."

Hakutaka kuuliza. Akauliza.

"Nilikwambia, mama. Nilikwambia silali, nalia ovyo. Kesho yake nakuja kazini kwako, nakukuta unampima mteja kiuno huku unamsimulia habari zangu. Na mwanawe nasoma naye. Darasa zima likajua."

Mama akaketi tena, mkoba mapajani. Mteja akisimama mbele yake, ulimi wake hauna breki. Hunyamaza tu akiwa amebana pini mdomoni. Kumbe wa kwanza kusalitiwa hakuwa yeye.

Njiani alitangulia, akamwacha mumewe nyuma. Kosa lake mwenyewe halikumwondolea donge la kufichwa siri, na wala hakujidai limemtoka.

Jioni alikuwa anakunja pindo la gauni, binti akaja akasimama mlangoni.

"Mama, leo tena nimewaza yale mambo."

Maneno yakamjaa mama mpaka kooni: pole, dua, maswali, makaripio. Akachukua pini zote zilizokuwa mezani, akazibana kwa midomo, akamvutia mwanawe kiti.

Binti akamtazama mdomo ule. Akakaa, akaanza kusema.