Dole la Mwalimu

Mwalimu wa kemia alipofungua boksi la dawa za presha za mama yake, hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Mwanzoni mwa mwezi vidonge vilikuwa thelathini. Leo tarehe kumi na tatu, vilikuwa ishirini na tisa.

"Mama, hizi hunywi?"

"Nimeacha, mwanangu," mama akasema bila wasiwasi wowote, akionyesha chupa ya unga wa mbegu za papai juu ya meza. "Natumia ile. Inasafisha mishipa."

Hakuhitaji kuambiwa ilikotoka. Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye mikono ya dhahabu na simu ya balaa, kila asubuhi aliwamwagia ndugu zake tiba mpya kwenye kundi la familia. Akampigia hapo hapo.

"Kaka, hii habari ya mbegu umeitoa wapi?"

"Ni utafiti huo, mdogo wangu. Wa chuo kikuu. Nakutumia sasa hivi uone."

Utafiti! Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaanza kusoma huku ameuma meno. Chuo chenyewe hakikutajwa. Mtafiti alikuwa "daktari bingwa mmoja". Tovuti tatu zilisema jambo lile lile kwa maneno yale yale, na neno lililokosewa kwenye moja lilikosewa kwenye zote, kama wanafunzi wavivu walioibiana majibu. Chini ya kila moja palikuwa na kitufe chekundu cha kuagiza chupa. Akachimba mpaka akaupata utafiti wenyewe kwenye jarida la kweli, wenye majina ya walioufanya. Ulihusu panya kumi na wanne. Panya! Tena watafiti walimalizia kwa kukiri kwamba hawajui kama binadamu atapata nafuu yoyote. Kwenye tovuti za chupa, sentensi hiyo ilikuwa imeingia mitini.

Akapiga tena, safari hii akifoka. "Unataka kutuulia mama? Utafiti wenyewe ni wa panya! Hukusoma mpaka mwisho?"

"Mimi nachomelea vyuma, panya nawajulia wapi? Sayansi ni yako. Ndiyo maana nilingoja wewe upitishe."

"Nipitishe nini?"

"Pandisha juu kwenye kundi, utaona."

Akapandisha. Tarehe mosi, saa nane mchana, ujumbe mrefu wa kaka. Chini yake, dole gumba. Lake yeye.

Saa hiyo alikuwa kwenye kikao cha walimu. Kwao, anayeupita kimya ujumbe wa mkubwa huambiwa anaringa, na msomi wa familia ndiye aliyeangaliwa kwa jicho kali kuliko wote. Kwa hiyo alibandika dole kwenye kila kitu, salamu, picha, video za mbuzi, bila kusoma hata mstari. Shangazi alikuwa ameandika: "Mwalimu ameshakubali, basi ni kweli." Na mama, chini ya shangazi: "Kesho naanza."

Akaitupa simu mezani. Darasani aliwakata alama bila huruma watoto walioleta jibu wasilojua limetoka kwa nani. Sasa alijichukia kiasi kwamba hata kumtazama mama ilikuwa kazi.

"Vaa viatu, mama. Tunakwenda zahanati."

"Kwani si ulikubali mwenyewe?" Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka yako nisingemsikiliza hata siku moja, yule anaamini kila kitu. Mimi nilikusikiliza wewe."

Kule zahanati, daktari alipima presha mkono wa kulia, akapima wa kushoto, kisha akamwita muuguzi aje na kiti cha magurudumu. Mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na tano. Mama alianza kulalamika kwamba jicho moja linaona ukungu. Kaka, aliyepigiwa simu njiani, aliwakuta hapo akihema, ovaroli imejaa matundu ya cheche.

"Nani alimwambia aache dawa?" daktari akauliza kwa ukali.

Kaka akainamisha kichwa, akafungua mdomo. Mwalimu akamwahi.

"Mimi."

Daktari akainua macho kwenye faili, amekunja uso. "Wewe? Wewe unafanya kazi gani?"

"Nafundisha sayansi," akasema.