Hita ya Kwenda Ukweni

Gari aliloazima Nestory kwa mjomba wake lilikuwa na ugonjwa wa kuchemka. Fundi alimwambia Nestory awashe hita mpaka mwisho, ili joto la injini litokee ndani, na bila hivyo hawatafika Bujora. Basi Teodora, mchumba wa Nestory aliyekuwa akipelekwa kutambulishwa kwa wakwe, alisafiri akitota jasho kama anayefukizwa. Poda yote iliishia kwenye kola ya gauni jipya.

Walipofika, Nestory alishuka kuwaita wazee, akaacha injini inaunguruma. Teodora akazima hita haraka, akawasha kiyoyozi. Angeingiaje ukweni amelowa vile? Ubaridi ukampiga usoni, akajifuta vizuri.

Mara boneti ikafuka mvuke, maji yakamwagika chini, na wakwe ndio hao wanatoka.

“Umetuletea mchumba au chai?” baba mkwe akauliza.

Nestory alipitisha mkono dirishani kuzima injini. Akaona swichi ya kiyoyozi inawaka. Akaizima, akamgeukia baba yake.

“Nilisahau kuongeza maji, baba.”

“Gari la watu limekushinda, mke utamweza?”

Mashangazi wakacheka. Teodora alitamani ardhi immeze. Akashuka, akapiga magoti.

“Shikamoo, baba. Hakusahau. Hita niliizima mimi. Niliona aibu kuingia kwenu na jasho.”

Mzee akamtazama. Jasho lilikuwa linamchuruzika upya, zaidi ya lile la njiani.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Inuka. Mleteeni maji. Gari litasubiri.”