Kuni za Mama Chai

Nilipofika kwenye kibanda chake, Mama Chai alikuwa keshajaza jiko, kiberiti kiko mkononi.

Vipande vya mbao vinavyobaki kwenye karakana ya mjomba ni vyake siku zote. Jioni anakuja na gunia, anazoa, anaondoka, hakuna anayemuuliza. Sasa leo tulikuwa tunakata nguzo za uzio, zile mbao za kijani kijani. Mjomba na mimi tulikuwa nyuma tunanawa, naye akazoa kama kawaida.

"Mama, usiwashe!"

"Umeanza lini ubahili wewe?"

"Si ubahili. Hizo zina dawa ya mchwa. Moshi wake sumu, na jivu ndiyo usiseme."

"Moto gani huo usiounguza dawa?"

"Haiishi, inabaki kwenye jivu. Na jivu si ndilo unalosugulia sufuria?"

"Basi nitaziosha."

"Dawa imesukumwa na mashine mpaka katikati ya mbao, mama. Utaosha mpaka uchoke."

"Kumbe ndiyo maana mchana mlijifunga nyuso kama wezi wa kuku."

"Ndiyo. Tena tunakatia nje, na nguo hizi hazifuliwi na za mtoto wa dada."

Fundi baiskeli akaja akavuta benchi. "Mama, leo tunakunywa maneno? Washa bwana, moshi kidogo haujaua mtu."

Nyuma yake wakaja wengine wawili. Mmoja akaanza kutupia jicho ng'ambo ya barabara, kule kwenye mgahawa mpya.

Mama Chai akaniinamia, sauti chini. "Wakivuka leo, kesho hawarudi. Nami sina kuni nyingine."

Kisha mwenyewe akaweka kiberiti chini.

"Una glavu, toa wewe. Rudisha kwa mjomba wako akazifukie huko."

Nikatoa kipande kimoja kimoja, nikafunga gunia. Halafu nikanawa, nikakimbia nyumbani, nikachota mkaa wa mama yangu kwenye ndoo. Atanisema mpaka masikio yaume, najua.

Kurudi, benchi bado limejaa. Nikamimina mkaa kwenye jiko, Mama Chai akawasha, nami nikashika kifuniko cha sufuria, nikaanza kupepea.

"Msomi wetu!" fundi baiskeli akacheka. "Shule yote ile, kumbe ulisomea upepo!"

"Mwache," Mama Chai akasema, anapanga vikombe. "Wewe pepea, mwanangu. Huyu atapewa chai wa mwisho."

Makaa yakashika.